Kabla Hujaivua Stata: Trekta Kuukuu Linapogoma Kuwaka

Trekta likigoma kuwaka asubuhi, neno la kwanza linalotoka ni lile lile: stata, ile mota ya umeme inayozungusha injini iwake, imekufa. Dereva analisema, mwenye shamba analirudia, na kabla jua halijapanda stata imeshavuliwa, imetiwa kwenye kiroba na kupakiwa kwenye bodaboda kupelekwa mjini. Huko inasukwa upya au inanunuliwa nyingine, hela inatoka, inarudi, inafungwa, ufunguo unazungushwa, na trekta liko vile vile. Wakati huo mvua za kwanza za masika zimeshanyesha, udongo umekaa sawa kwa jembe, na waliokuwa kwenye foleni ya kulimiwa wameshaanza kumpigia simu mwenye trekta mwingine.

Familia yetu tunalima kwa kukodisha upande wa Muheza, na kazi ikizidi tunashuka hadi Mkinga na Pangani. Trekta letu ni Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, la injini ya Perkins ya silinda tatu. Kabla ya kufika kwetu lilikuwa likivuta matela ya majani ya mkonge, na lina alama zake za maisha hayo. Kwa miaka ya kukaa nalo, na ya kuitwa na majirani wenye matrekta ya umri huo huo, nimeshika msimamo mmoja ambao ndio nataka kukupa leo: stata ndiyo kitu cha mwisho kufunguliwa. Katika ukanda wetu huu wa pwani, ugonjwa mara nyingi unakaa kwenye njia ya umeme kati ya betri na stata. Njia hiyo unaweza kuikagua mwenyewe ukiwa na spana mbili tatu, kipande cha msasa na multimita, mita ya kupimia umeme, ya bei ndogo.

Anza kwa kusikiliza. Anayeendesha trekta letu ni mpwa wangu. Akipiga simu, "Shikamoo mjomba, trekta haliwaki," namwitikia, halafu namuuliza swali moja kabla ya mengine yote: ukizungusha ufunguo unasikia nini? Jibu lake linanipa nusu ya kazi.

Akisema kimya kabisa, wala hakuna hata mlio mdogo, basi umeme haufiki kwenye solenoidi, kile kikopo kilichobebwa mgongoni na stata, au solenoidi yenyewe imekufa. Akisema inalia tik-tik-tik-tik kwa haraka, solenoidi inapata umeme lakini dhaifu: inavuta, mzigo wa stata unaangusha nguvu ya betri, inaachia, nguvu inarudi, inavuta tena. Hapo ni betri au waya, na kwa kweli sijawahi kuona sababu ya kuvua stata kwa mlio huo kabla ya kumaliza hivyo viwili. Akisema "tak!" moja nzito halafu kimya, solenoidi imevuta vizuri lakini umeme mkubwa haupiti, au unapita na stata haizunguki, au injini yenyewe imekaza. Akisema inazunguka kivivu, inapumua kila silinda ikifika, turudi kwenye betri na waya tena. Na akisema stata inavuma kwa kasi lakini injini haijigusi, au kuna sauti ya chuma kusagana, hapo umeme hauna kosa, ni meno ya stata na ya injini hayashikani.

Kabla ya kushika spana yoyote, nisikilize kwa hili, maana ni la roho za watu. Kuna mtindo umeenea mashambani. Dereva anasimama chini, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, anachukua bisibisi kubwa na kugusanisha nati mbili za solenoidi. Cheche inaruka, stata inazunguka, trekta linawaka, na wote wanaona ni ufundi. Kwa kufanya hivyo umeiruka ile swichi ya usalama iliyowekwa ili trekta lisiwake likiwa kwenye gia. Likiwa kwenye gia, linaondoka hapo hapo, na gurudumu kubwa la nyuma linakuja pale uliposimama wewe. Hupati nafasi ya kuruka. Dizeli ikishika haikusubiri. Watu wamekufa hivyo katika nchi nyingi, hadi watengenezaji wakaanza kubandika onyo karibu na stata kwamba trekta liwashwe kutoka kwenye kiti tu. Matrekta yetu kuukuu mengi hayana kibandiko hicho, au kimefutika. Mwambie dereva wako kwa mdomo wako, na umwambie mbele ya wenzake, kwamba trekta lako haliwashwi kwa bisibisi. Kama swichi ya ufunguo imekufa, nunua swichi.

Kwa hiyo unapoanza kukagua: gia ziwe huru, breki ya mkono imevutwa, magurudumu yamewekewa mawe au magogo, na mtu mmoja tu anayeshika ufunguo, tena akiwa amekaa kitini. Kitasa cha kuzimia injini kivutwe, ili pampu isipeleke dizeli na injini izunguke bila kuwaka wakati unapima. Sigara mbali na betri. Betri inayochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni, na cheche ndogo inatosha kuipasua ikurushie asidi usoni. Ukifungua waya za betri, anza na ule unaokwenda kwenye bodi, na ukifunga uwe wa mwisho, ili spana ikigusa chuma isipige shoti.

Sasa betri. Iache ikae saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, kisha pima. Betri ya volti 12 iliyojaa inasoma kama 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu hivi, 12.2 nusu, na 12.0 ujue imekwisha kwa kazi ya kuzungusha injini ya dizeli. Lakini usiridhike na namba ya betri iliyopumzika, maana betri mbovu inaweza kusoma 12.6 ikiwa imelala na kuanguka ikipewa kazi. Mwambie aliye kitini azungushe ufunguo huku wewe umeshika ncha za mita kwenye temino za betri. Ikishuka chini ya volti 9.6 na stata inajikongoja, betri imechoka au haijachajiwa. Ikibaki juu, tuseme 11 au zaidi, na stata bado haizunguki, betri haina kosa. Umeme unakwama mbele yake.

Kama huna mita siku hiyo, washa taa za mbele halafu zungusha ufunguo. Taa zikizima kabisa au kufifia mno, betri haina nguvu au temino zake hazishiki. Zikibaki na mwanga wake kamili kana kwamba hakuna kilichotokea, umeme hautoki kwenda kwenye stata.

Fungua vifuniko uangalie maji. Kwa joto la Tanga, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, maji ya betri yanapungua haraka, na sahani za risasi zilizo ndani zikibaki juu ya maji zinakauka na hazirudi. Ongeza maji safi ya betri, yale yaliyokenekwa (distilled), hadi yafunike sahani. Usiongeze asidi. Naona watu wengi wakimimina asidi wakidhani wanaipa betri nguvu. Asidi haivukizwi, yanayopotea ni maji, na ukizidisha asidi unakula sahani. Wala usitie maji ya kisima, ambayo huku kwetu mara nyingi yana chumvi.

Jambo moja zaidi la betri kwa wenye matrekta ya zamani mno kutoka Uingereza: baadhi yake yalitoka kiwandani yakiwa na waya chanya kwenye bodi, kinyume cha tulivyozoea. Kabla ya kufunga betri kwenye trekta ulilonunua mkononi, tazama waya upi umefungwa kwenye bodi na uulize kama limeshageuzwa. Ukifunga kinyume kwenye trekta lenye alteneta, ile mashine inayochaji betri, unaiunguza alteneta kwa sekunde.

Tuje sasa kwenye waya, na hapa ndipo nataka utulie na mimi.

Stata ya injini ya dizeli inakula umeme mwingi mno, mamia ya ampea. Chukua ampea 300 tu kwa hesabu. Tuseme mahali fulani njiani, chini ya temino au penye ethi, yaani pale waya wa betri unapofungwa kwenye bodi, pana uchafu unaoleta ukinzani wa omu 0.01, kitu kidogo ambacho hata multimita ya kawaida haiwezi kukisoma sawasawa. Zidisha: 300 mara 0.01 ni volti 3. Volti 3 zimepotea kwenye uchafu, zimegeuka joto, hazikufika kwenye stata. Betri yenyewe ikishashuka hadi 11 kwa mzigo, stata inabaki na 8. Itazunguka kivivu au haitazunguka kabisa, na kila atakayeitazama atasema imekufa. Ndiyo maana taa na honi vinafanya kazi vizuri kabisa kwenye trekta ambalo stata imegoma: taa inakula ampea chache, kwa hiyo uchafu ule ule hauiumizi.

Na pwani yetu inatengeneza uchafu huo kila siku. Iwe kusi iwe kaskazi, upepo unatoka baharini na chumvi yake. Trekta linalolala chini ya mwembe Tongoni au Moa linapakwa chumvi usiku kucha, asubuhi umande unailowesha, mchana jua linaikausha. Kama lilifanya kazi kwenye mkonge, ongeza na ule utomvu wa majani, ambao nao una ukali wa tindikali. Waya wa betri unaweza kuonekana mzima kwa nje, ganda jeusi halina hata ufa. Uuminye kwa vidole karibu na temino. Ukisikia ndani pana kitu kinachovunjika kama mchanga, lichane ganda kwa kisu. Shaba inayotakiwa kung'aa utaikuta nyeusi, na pale ilipoingia kwenye kichwa cha temino imekuwa unga wa kijani. Nyuzi zinakatika ukizigusa kwa ukucha. Nimeuona waya wa namna hiyo kwenye Ford 5000 ya ndugu mmoja kule Pangani. Ulikuwa na nyuzi chache tu zilizobaki nzima katikati, na yeye alikuwa ameshanunua betri mpya na kusukisha stata.

Huhitaji kubahatisha. Mita inakuonyesha mahali penyewe, ila ujue kwamba kipimo hiki kinafanywa wakati stata inapewa umeme, kwa sababu bila mzigo kila kiungo kinaonekana kizuri. Weka mita kwenye volti. Ncha moja ishike nguzo yenyewe ya betri ya upande wa bodi, ile risasi ya katikati, usishike kichwa cha waya kilichoifunika. Ncha ya pili iguse mwili wa stata, mahali palipokwanguliwa hadi chuma kikaonekana. Aliye kitini azungushe ufunguo. Njia ya ethi iliyo nzuri itasoma volti 0.2 au 0.3, si zaidi. Ikisoma 1 au 2, umempata mwizi wa umeme. Sogeza ncha ya pili kiungo kwa kiungo kurudi kwenye betri: bodi ya injini, kisha bolti ya ethi, kisha kichwa cha waya. Pale namba inapoanguka ghafla, kiungo ulichokiruka ndicho kibovu.

Fanya hivyo hivyo upande wa pili: nguzo chanya ya betri hadi nati kubwa ya solenoidi inayopokea waya mnene. Hapo ruhusu hadi volti 0.5 hivi. Halafu kati ya nati mbili kubwa za solenoidi yenyewe. Ikisoma zaidi ya 0.3 wakati imevuta, sahani ya shaba iliyomo ndani imeungua. Kwa vipimo hivyo vitatu umeukagua upande wote wa stata bila kuvua kitu.

Ethi ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Watu wanabadilisha waya chanya, wanaufunga kwa heshima, halafu waya wa bodi unaachwa na bolti yake iliyoshika kutu juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Trekta likipakwa rangi upya ili lionekane zuri mnadani, bolti ya ethi mara nyingi inafungwa juu ya rangi mbichi, na mnunuzi anakwenda nalo nyumbani akilisukuma. Fungua bolti hiyo, kwangua chuma mpaka king'ae saizi ya kichwa cha waya, safisha na kichwa chenyewe pande zote mbili, funga kwa nguvu na uweke sahani ya kukaza. Kama waya wa betri unaishia kwenye fremu au kwenye sanduku la betri, ongeza waya mwingine mnene unaokwenda moja kwa moja kwenye bolti mojawapo ya stata au kwenye bodi ya injini. Kwa trekta letu hilo pekee lilibadilisha sauti ya stata kabisa.

Kuhusu temino za betri, ule unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya moto yaliyokorogwa magadi, huku vifuniko vya betri vimefungwa ili magadi yasiingie ndani. Kausha, kwangua nguzo na ndani ya kichwa hadi risasi ing'ae, funga, na baada ya kufunga paka mafuta ya mgando au grisi juu yake kuzuia hewa ya chumvi. Kwanza kaza, kisha paka.

Waya ukikuharibikia, usiunge kwa kusokota na kufunga plasta. Na usikubali waya mwembamba wa gari dogo. Mimi nanunua waya wa mashine ya kuchomelea, wa milimita za mraba 50 au 70, una nyuzi nyingi laini na unavumilia mtikisiko wa shambani. Vichwa vyake vibanwe kwa koleo la kazi hiyo au vimiminiwe lehemu vizuri, kisha viviringishiwe mpira. Ni ghali kuliko waya wa kawaida, na bado ni rahisi kuliko kusuka stata ambayo haikuwa na kosa.

Kile kimya cha mwanzo nacho kina njia yake fupi. Kwenye 135 kuna swichi ya usalama inayoguswa na ile lever ndogo ya mwendo mkubwa na mdogo. Ikiwa lever haijakaa katikati sawasawa, ufunguo unazunguka na hakuna kitu. Itikise, irudishe katikati, jaribu tena. Matrekta ya Ford ya miaka ile nayo yana swichi ya namna hiyo kwenye gia. Kama bado kimya, chukua balbu ya volti 12 yenye waya mbili, waya mmoja kwenye bodi, mwingine kwenye ule mguu mdogo wa solenoidi. Aliye kitini azungushe ufunguo. Balbu ikiwaka kwa nguvu na solenoidi haivuti, solenoidi imekufa. Isipowaka, rudi nyuma kwenye swichi ya usalama, kisha swichi ya ufunguo, ukitafuta mahali umeme unapoishia. Panya wanapenda sana waya hizo nyembamba chini ya dashibodi, hasa trekta likikaa bandani kusubiri vuli. Naomba tu usifanye lile la kuunganisha waya mbili za swichi ya usalama moja kwa moja na kuiacha hivyo. Nimeshaeleza kwa nini.

Sasa ikiwa betri ni nzima, waya ni safi, ethi imekazwa, mguu mdogo unapata umeme, na bado unasikia "tak" moja tu, kwanza hakikisha injini inazunguka kwa mkono. Weka spana kwenye nati ya puli ya mbele uizungushe. Ikigoma kabisa usilazimishe kwa stata wala kwa kuvuta na gari lingine. Huenda maji yameingia kwenye silinda, na maji hayabanwi, kitakachopinda ni fimbo ya pistoni. Hapo mwite fundi wa injini.

Injini ikizunguka, hapo ndipo stata inavuliwa. Toa waya wa betri kwanza, kisha bolti za stata, na uwe na mtu wa kukusaidia, kwa sababu ni nzito na inakaa mahali pa kubana. Ndani utaangalia mambo manne. Brashi za kaboni: zikiwa fupi hadi springi haizisukumi tena, ni za kubadilisha, na ni rahisi. Komuteta, ile sehemu ya shaba ambayo brashi zinasugua: isafishe kwa msasa laini wa mbao, usitumie msasa wa chuma, chembe zake zinapitisha umeme na zikibaki kwenye mifereji zinaleta shoti. Bushi za shaba mbele na nyuma: zikilika, amecha, ile sehemu inayozunguka ndani ya stata, inashuka na kusugua kuta za ndani, utaona alama inayong'aa upande mmoja. Stata ya namna hiyo inazunguka ikiwa baridi mezani na inakwama ikiwa kwenye trekta. Bushi mpya zilowekwe kwenye oili ya injini usiku kucha kabla ya kupachikwa, kwa sababu shaba hiyo ina vitundu vinavyonyonya oili na ndiyo inayozilainisha maisha yao yote. La nne ni oili: ukikuta stata imelowa oili ndani, sili ya nyuma ya injini inavuja, na hata ukisafisha stata leo itajaa tena. Tibu sili.

Solenoidi za zamani zinazofunguka kwa skrubu zina faida moja nzuri. Ile sahani ya shaba iliyoungua upande mmoja unaweza kuigeuza, na bolti zake ukazizungusha nusu mzunguko ili upande mzima uguse. Za siku hizi zilizozibwa unabadilisha yote.

Meno nayo yana siri yake. Injini ikizimwa, haisimami popote tu. Inasimama pale silinda inayofuata inapokataa kubanwa. Injini ya silinda tatu ina mahali patatu pa kusimama, ya silinda nne ina pawili. Kwa hiyo stata inaumwa na kuuma meno yale yale ya ringi gia, lile duara la meno nyuma ya injini, kila asubuhi kwa miaka, na meno mengine yanabaki mapya. Dalili yake ni kwamba leo linawaka bila shida, kesho linasaga, keshokutwa linawaka. Likisaga, acha mara moja. Tia gia kubwa injini ikiwa imezimwa, lisukumeni kidogo hadi injini isogee, rudisha gia huru, jaribu tena. Likishika, tatizo umelijua. Dawa ya kudumu ni kuivua ringi gia na kuipasha moto ipanuke, ipachikwe tena ikiwa imesogezwa meno kadhaa ili sehemu nzima zije mahali pa kusimamia, au kupachika mpya. Hiyo ni kazi ya kugawanya trekta katikati, kwa hiyo subiri uifanye pamoja na klachi. Kama ringi gia ni nzima na stata inavuma bila kushika, basi pinion, ile gia ndogo ya stata, au bendiksi inayoibeba inateleza.

Wakati wa kuwasha usiishike stata zaidi ya sekunde 10 hadi 15. Ipumzishe dakika 2, ujaribu tena. Stata haina feni wala maji ya kuipoza. Joto likizidi, lehemu ndani yake inayeyuka na kurushwa. Na ikiwa inazunguka kwa nguvu zake zote na injini haishiki, achana nayo, tafuta upepo kwenye njia ya dizeli au chujio lililoziba.

Baada ya yote hayo, trekta likiwaka, pima betri injini ikiwa kwenye mwendo wa kazi. Isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na kidogo, alteneta au dainamo haichaji, na wiki ijayo mtarudi hapa hapa.

Na ikibidi ununue stata nyingine, nenda dukani na ya zamani mkononi. Hesabu meno ya pinion, linganisha matundu ya bolti, tazama inazunguka upande gani, na pima urefu wa pua yake hadi inapoishia pinion. Zinafanana sana kwa macho. Muombe muuzaji aizungushe kwa betri mbele yako, uone pinion inatoka hadi mwisho na kurudi yenyewe. Kabla ya kuifunga, kwangua uso wa bodi ya injini inapokaa stata, kwa sababu hapo ndipo inapopatia ethi yake, halafu funga bolti zote, hata ile ya juu isiyofikika kwa urahisi.